Mahindi ya Kuku

Mtu akinitajia neno chama siku hizi, damu inanipanda. Sisemi chama cha siasa, hivyo vina wenyewe. Nasema chama chetu sisi wachanganyaji wa chakula cha mifugo hapa Songea, watu tusiofika ishirini, kila mmoja na mashine yake, mizani yake na vumbi la pumba puani. Nilikuwa katibu wake kwa miaka minne. Kila azimio niliandika kwa mkono wangu, na mengine niliyatetea mpaka sauti ikakauka. Kwa hiyo nikikisema vibaya, sikisemi kama jirani anayechungulia dirishani. Mimi ni mmoja wa waliokipika.

Na kilianza vizuri, hilo ndilo linaloniuma zaidi. Kabla ya chama kila mtu alijiuzia anavyojua. Kuna waliosaga magunzi wakayachanganya na pumba. Kuna waliouza dagaa wa Nyasa wenye mchanga kiasi kwamba ukiwamwaga kwenye ndoo ya maji, nusu ya ulichonunua kinazama na kubaki chini. Mfugaji akilalamika kwamba kuku hawatagi, anaambiwa kuku wake wavivu. Tulikuwa tunaharibiana jina wote, wezi na wasio wezi, maana samaki mmoja akioza huoza wote.

Basi tukakutana, tukakubaliana mambo matatu. Dagaa na mashudu tutanunua kwa pamoja. Gunia la mwanachama litabandikwa nembo ya kijani, ili mnunuzi ajue kuna watu nyuma ya gunia lile. Na kila mwezi mwanachama mmoja atakwenda kukagua ghala la mwenzake, kwa zamu, akiwa na bambo. Bambo ni kile chuma chembamba chenye mfereji, unakichoma kwenye gunia na kinatoka na punje za katikati, zile ambazo muuzaji hakupanga uzione. Mimi nilikabidhiwa bambo la chama pamoja na muhuri. Nilichaguliwa kwa sababu nina mwandiko mzuri na kwa sababu, kama walivyosema wenyewe, simwogopi mtu. Nilicheka na kuamini.

Mwenyekiti wetu alikuwa mzee kuliko wote. Alianza kuchanganya chakula cha kuku mimi nikiwa bado navaa sare ya shule. Niliponunua mashine yangu, akaja mwenyewe mtaani kwangu Mfaranyaki, akavua koti, akanionyesha jinsi ya kupima chokaa ili ganda la yai lisiwe laini. Hakunidai hata asante. Nilimwita mzee, naye aliniita binti yangu, na hatukuwa tunaigiza.

Sasa nieleze jambo ambalo mtu asiye wa huku anaweza asilielewe. Mimi nimekulia kijijini Lusewa, kwa bibi yangu, kwenye mahindi. Tukishapukuchua, bibi alikaa kwenye mkeka akatenga mafungu matatu. La kwanza la mbegu, punje nene zilizokomaa. La pili la kula. La tatu lilikuwa la punje zilizoingia maji, zenye rangi ya kijani au nyeusi, zilizoshikana kwa ukungu. Hilo hakulitupa. Kutupa chakula kwake ilikuwa dhambi. Alisema, haya ya kuku. Nyumba zote zilifanya hivyo, za Waislamu kama sisi na za Wakristo, na sijawahi kumsikia mtu akiuliza kwa nini kilichotushinda sisi kiwe halali kwa kuku. Ukienda sokoni hata leo, ukauliza bei ya mahindi yaliyoharibika, muuzaji atakuuliza una kuku wangapi.

Kwa hiyo ofisa mifugo alipokuja kwenye mkutano wetu kutufundisha habari za sumukuvu, tulimsikiliza kama watu wanaosikiliza mgeni akitukana chakula cha nyumbani kwao. Alisema ule ukungu unaacha sumu, na ukishasaga huioni tena. Alisema ukikausha mahindi juani ukungu unakufa lakini sumu inabaki, na kazi yake ni kula ini la kuku polepole. Mwenzetu mmoja akacheka, akasema kuku wa bibi yake wamekula hayo miaka yote na wakafa uzee. Ofisa hakukasirika.

"Kuku wa bibi yako walikula konzi moja, halafu wakashinda porini wakichakura wadudu," alisema. "Hawa mmewafungia. Hawana kingine, ni gunia lenu tu, asubuhi mpaka jioni."

Hakuna aliyecheka tena. Tukapitisha azimio: mahindi yenye ukungu hayaingii kwenye mashine ya mwanachama. Mikono yote ilinyooshwa, wa mwenyekiti ukiwa wa kwanza. Niliandika, nikapiga muhuri, nikarudi nyumbani najiona mtu wa maana.

Azimio lilikaa salama mpaka mwaka ule mvua ilipokuja si wakati wake. Mahindi yalikuwa yamevunwa, yamerundikwa nje kwenye vituo vya kuuzia, na maturubai hayakutosha. Nakumbuka ilinyesha siku nne. Wanunuzi wakubwa wakapita, wakashika punje, wakatikisa kichwa na kuondoka. Wakulima wakabaki wamekaa juu ya magunia yao. Mjomba wangu wa Lusewa akanipigia simu, akaniomba niyachukue yake, si nina mashine ya chakula cha kuku? Nikamweleza habari ya ukungu. Akasema mjini kumenifundisha kiburi. Wiki iliyofuata akapiga tena, safari hii ana furaha: lori limekuja na kubeba yote, yake na ya majirani, hata yale yaliyoota. Nikamuuliza lori la nani. Akanitajia mwenyekiti wetu.

Naomba msomaji asimame hapo kidogo, kwa sababu mimi sikusimama. Nilijua. Nilitoa sababu zote ambazo mtu hutoa akiwa hataki kujua. Labda atayachambua. Labda kayanunua kwa huruma, kuwasaidia wakulima, na atayatupa. Na kweli ilikuwa huruma kwa upande mmoja, siwezi kumnyima hilo, maana wakulima wale walikuwa hawana pa kushika. Lakini huruma yake ilipitia kwenye maini ya kuku wa watu wengine.

Mwezi huohuo zamu ya ukaguzi ilinipeleka kwenye ghala lake. Nilifika mchana, bambo likiwa kwenye mkoba. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia. Wakaniwekea kiti mlangoni mwa ghala, chai ikaja na karanga za kukaanga. Akaniuliza habari za mama yangu na miguu yake. Magunia niliyaona pale nilipokaa, yamepangwa vizuri mpaka karibu na dari. Nikanywa chai. Nilikuwa nasikia lile bambo kwenye mkoba kama mtu anavyosikia jiwe kwenye kiatu.

Huku kwetu, kumchomea mzee gunia lake mbele ya mke wake, baada ya kunywa chai yake, ni kumwambia wewe ni mwizi. Hakuna namna nyingine ya kulisoma tendo hilo. Kwa vijana wenzangu nilichoma bila hata kukaa. Mmoja nilimrudishia magunia manane ya pumba na hakuninunia zaidi ya wiki. Lakini kwa mzee yule aliyenifundisha kupima chokaa, mkono ulikataa. "Umeona mwenyewe, binti yangu," alisema. Nikasema nimeona, mzee. Nikaweka karatasi pajani, nikaandika ghala ni safi, nikagonga muhuri.

Sasa kuna mwalimu. Alinifundisha darasa la nne na la tano, alistaafu, mume wake akafariki, watoto wako mbali na maisha yao. Nyumbani kwake Mfaranyaki, hatua chache kutoka kwangu, alijenga banda akaweka kuku wa mayai mia mbili. Wale kuku ndio waliokuwa maisha yake. Siongelei mayai peke yake. Alikuwa na daftari alilochora mistari kwa rula, anaandika wametaga mangapi, wamekula kiasi gani, nani ametengwa kwa kudonolewa. Aliamka kwa ajili yao kama alivyokuwa akiamka kwa ajili yetu. Chakula alinunua kwangu tu.

Kisha mota ya mashine yangu ikaungua, umeme wetu wa kukatika na kurudi ukaimaliza. Fundi wa kusuka mota akaniambia nisubiri wiki mbili au tatu. Mwalimu akaja kuuliza afanye nini. Nikamjibu kwa kujiamini kabisa, kama mtangazaji wa redio: nunua popote, mwalimu, mradi uone nembo ya kijani. Akanunua kwa mwenyekiti.

Mayai yalianza kupungua kwanza. Halafu vilemba vyao vyekundu vya kichwani vikapauka, halafu wakaanza kufa, wawili, watano, tisa kwa siku. Aliponiita walikuwa wamekufa zaidi ya sabini. Alikuwa ameshawapa dawa za kila aina, na majirani wenye kuku walikuwa wameanza kuvuka upande wa pili wa njia, wakisema ni kideri, ule ugonjwa unaofagia kuku wa mtaa mzima. Niliingia bandani, nikatazama. Wenye kideri nimewaona, shingo zinapinda, wanazunguka kama walevi. Hawa walikuwa wamekaa tu, wazito, wamechoka. Nikafungua gunia, nikatia mkono ndani. Chakula kilikuwa kimeshikana mabonge, na harufu ikapanda, harufu ya chumba kilichofungwa masika nzima. Niliijua. Ndiyo harufu ya fungu la tatu la bibi yangu.

Nilimwambia aache kuwapa kile chakula saa ileile. Nikaazima magunia mawili ya chakula safi kwa mwenzangu mmoja, nikamletea kwa bodaboda. Akaniuliza, je, ni chakula au ni ugonjwa, maana kama ni kideri inabidi awaue wote kabla hawajaambukiza mtaa. Nilipaswa kumwambia ni chakula, nina hakika. Nikamwambia, "Nipe siku tatu, mwalimu. Chama kitasema." Nilitaka lisemwe na chama. Nilitaka lile tulilolijenga lifanye kazi yake, mara moja, ili nisiwe nimepoteza miaka minne bure.

Mkutano ulifanyika kesho yake mchana. Nililibeba lile gunia mwenyewe, nikaliweka mezani lililofunguliwa mdomo. Kila mmoja pale alizaliwa kwenye mahindi. Hakuna pua hata moja iliyohitaji kuelezwa. Nikasema tupeleke sampuli maabara, tuwatangazie wafugaji wasitumie magunia ya wiki zile, tuyakusanye. Mmoja akasema mambo ya ndani yabaki ndani, tufunike kombe mwanaharamu apite. Mwingine akasema kuku wa mwalimu wana kideri, mtaa mzima unasema. Ndipo mwenyekiti akazungumza, taratibu, kama kawaida yake.

"Binti yangu, kazi ya chama ni kumlinda mwanachama," alisema. "Tukijichoma wenyewe, nani atakuja kununua kwetu?"

Nikamjibu kwamba nembo hatukuibandika kwa ajili ya mwanachama. Yeye alijua kilichomo kwenye gunia lake bila nembo. Tuliibandika kwa ajili ya mtu asiyejua, na mtu huyo sasa anazika kuku. Sauti yangu ilikuwa imeshapanda. Nikamtajia lori la Lusewa. Hakukana. Alisema aliyaanika wiki nzima, yakakauka vizuri, na kwamba mama yake aliwalea kuku kwa mahindi ya namna ile. Nadhani aliamini. Lakini alikuwepo ofisa aliposema kukausha hakuondoi sumu, na alinyoosha mkono kabla yetu sote. Kuamini kwa namna hiyo mimi nakuita uvivu wa makusudi.

Kisha yule wa kombe akanigeukia. Akauliza, kwa upole kabisa, "Katibu, si wewe uliyekagua ghala la mzee?"

Karatasi ilikuwa kwenye faili langu mwenyewe. Nikasema nilikagua kwa macho, bambo sikulitoa. Nikaona mabega yao yakishuka, wamepumua. Basi, wakasema, kumbukumbu zinaonyesha ghala ni safi, na kumbukumbu ni za katibu. Hakukuwa na la kujadili zaidi. Watu wale niliokula nao, niliowaandikia barua za mikopo na za misiba, walikuwa tayari kumtosa mwanamke mzee ili nembo isichafuke, na walikuwa wanaifanya kwa karatasi yangu.

Hasira ilinishika ambayo sijawahi kuwa nayo. Nilifungua mkoba, nikatoa faili, nikatoa bambo, nikatoa muhuri, nikavitupa mezani vyote. Niliwaambia watafute katibu mwingine wa kuwaandikia uongo. Nikabeba gunia langu nikatoka, na nakiri kwamba nilitoka najisikia vizuri. Kesho yake alfajiri nikapanda basi na sampuli, ofisa mifugo akiwa amenipa barua, nikaenda nayo mpaka maabara, safari ya siku nzima.

Majibu yalikuja baadaye sana, lakini nayasema sasa ili niyamalize: ilikuwa sumukuvu, nyingi kupita inavyoruhusiwa. Kideri hakikuonekana. Ofisa aliyazuia yale magunia, mengi yakiwa yameshauzwa. Mimi nikaandika maelezo yangu, nikaeleza na chai na karanga, sikuacha kitu. Mwenyekiti bado ni mwenyekiti. Nembo bado ni ya kijani. Nasikia wamenunua bambo jipya, na sijui analibeba nani.

Lakini siku niliyorudi kutoka maabara sikuwa na majibu yoyote. Nilishuka stendi jioni, nikapitia kwa mwalimu kabla ya kufika kwangu. Banda lilikuwa wazi. Ndani pamefagiwa, pamemwagiwa chokaa, hakuna hata unyoya. Nyuma ya nyumba udongo ulikuwa mpya, shimo refu lililofukiwa, majembe ya majirani bado yameegemea ukuta.

Alinikaribisha, akanipa kiti. Nilimwamkia, akaitikia. Mezani palikuwa na barua. Ilikuwa ya chama, yenye tarehe ya siku iliyofuata mkutano, imebandikwa kwenye maduka yote ya chakula na moja ikaletwa kwake mkononi na majirani. Ilisema kideri kimeingia Mfaranyaki, na kwamba mwenye kuku wagonjwa awateketeze wote mara moja kwa usalama wa wengine. Chini iliandikwa katibu, bila jina, na juu ya neno hilo palikuwa na muhuri.

Alisema aliwachinja mwenyewe wengi wao. Hakutaka washikwe na watu wasiowajua.

Nikamuuliza kwa nini hakunipigia simu. Nilimuuliza kwa ukali, Mungu anisamehe, kana kwamba yeye ndiye aliyekosa.

"Nilitaka kukupigia," alisema. "Kile chakula ulicholeta walikuwa wamekikubali. Asubuhi ile niliokota mayai saba. Nikasema, ngoja nimuulize. Halafu nikaona muhuri wako, nikasema basi, si uliniambia nisubiri chama kiseme."

Nikaanza kumweleza. Nikamwambia muhuri haukuwa mkononi mwangu, kwamba niliutupa mezani kwa hasira, kwamba barua ile sikuiandika mimi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akiitikia kwa kichwa, vilevile alivyokuwa akituitikia darasa la nne tulipokuja bila kazi ya nyumbani na maelezo marefu.